Twahiru Bwanaheri na Kiti cha Rehana

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo wa mzee Bwanaheri Sudi, yanasomwa mbele yenu maisha ya mtoto wake Twahiru, aliyezaliwa hapa Mahurunga tarehe 14 Machi 1974, akasoma shule ya msingi hapa hapa tangu mwaka 1983 hadi 1989, akajifunza ufundi wa mitambo mjini Mtwara, na kuajiriwa katika kiwanda cha korosho tarehe 2 Mei 1995.

Ijumaa tarehe 20 Agosti 1999 alimwoa Bi. Rehana Mustafa wa Nanyamba, wakajaliwa mabinti wawili, Latifa, aliyeolewa Songea, na Warda, tuliye naye.

Mwaka 2009 alinunua ile pikipiki ya mbio, toleo la 1978, yenye usukani wa chini na kiti cha mtu mmoja, akawa anapita amelalia tangi, na kina mama wakivuta watoto kando kabla hata hajaonekana.

Novemba 2019 figo za Rehana zilishindwa kazi, ikawa lazima asafishwe damu mjini kila Jumatatu na Alhamisi, na kwa kuwa alizimia na kuanguka kwenye bodaboda safari ya kwanza tu, Twahiru akaanza kuibomoa fahari yake: akapandisha usukani, akafunga kioo cha kukinga upepo, akabadilisha sproketi, yale magurudumu ya meno ya mnyororo, ili ivute polepole mchangani, akachomelea masanduku ya shuka na chakula, mwisho akaunda kiti kipana chenye egemeo na mikono, kwa kipimo cha mgongo wa mkewe. Vijana wa kijiweni walimtania kwamba shemeji kapata sofa la barabarani, naye akacheka nao huku akikaza nati.

Maumivu ya kifua aliwaficha madaktari tangu Oktoba, akisema siku za hospitali ni za Rehana. Jana, Alhamisi tarehe 5 Februari 2026, alimfikisha salama, akaketi kwenye benchi nje ya chumba cha mashine, na Rehana alipotoka saa nane mchana akamgusa bega waondoke, hakuitika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wafanyakazi wenzake walioleta mwili na pikipiki kwa lori moja, kabla mvua ya usiku haijakata barabara kwa magari. Leo asubuhi Warda aliijaribu pikipiki uwanjani, ikamlalia, maana miguu yake haifiki chini. Sheikh amekwisha kusema kwamba mjane aliye katika eda anaruhusiwa kutoka kwa matibabu, hivyo asione haya yeyote awezaye kuendesha pikipiki nzito pasipo haraka, ajitokeze kabla hatujatawanyika.

Pumzika kwa amani, Twahiru, ijapokuwa sisi huku hatujui nani atampakia Rehana Jumatatu.