Sala ya Mchana na Hanga la Siku Tatu

Ngoma iliyolia nyuma ya nyumba hii, hapa Mtopanga, usiku wa kuamkia Jumatano, wengi wenu mliisikia, na kabla haijanyamaza mchungaji alikuwa ameshatuma neno kwamba kanisa halitazika penye hanga, nao wazee wakajibu kwamba bila hanga, siku saba za kumchezea marehemu, hakuna atakayeshika jembe kuchimba kaburi, ndipo pande zote zikakubali kungoja historia hii isomwe na kufuata alivyotaka marehemu mwenyewe.

Marehemu Gershom Karisa Nguma alizaliwa mwaka 1938 Kaloleni, mtoto wa pili wa mzee Nguma na mama Nyevu, akasoma huko huko hadi darasa la sita, mwaka 1957 akaja Changamwe, akaajiriwa kwenye matangi ya mafuta, akafunga mabomba miaka thelathini na mmoja hadi alipostaafu mwaka 1988, na mikono yake, hata Jumapili akiwa kwenye kwaya, haikuacha kunuka mafuta ya taa.

Alimwoa Kaviha tarehe 4 Agosti 1962, kwa mahari na tembo la mnazi nyumbani, kisha mwaka 1964, alipobatizwa, akamwoa tena kwa pete kanisani, akisema mke ni yule yule. Walijaliwa watoto wanne, wa mwisho akiwa Pascalia, huyu anayewasomea, ambaye mwanawe ana miezi minne.

Alianza kuugua kifua Oktoba 1993, akalazwa Februari, akafariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 11 Machi 1994. Jumatatu ya wiki hiyo, Kaviha akiwa ameshuka kufuata uji, marehemu alimwambia Pascalia namna ya kumzika, na shahidi hapakuwa na mwingine, ndiyo maana mdogo wa marehemu, baba mdogo Lewa, akamwuliza mbele ya watu, "Wewe wa juzi ndiye wa kutupangia matanga? Na hako katoto kakianza kushtuka usiku, koma ya babako, mzimu wake, ikidai haki yake, utakapeleka kwa mchungaji?" Tangu siku hiyo Pascalia hajalala, mtoto akikohoa tu anawasha taa, na angeweza kusema baba hakusema kitu, apone lawama za huku na huku, lakini baba alisema, na maneno yake ni haya:

"Mchana nizikeni kwa sala, mchungaji amalize, aende zake. Jua likishuka, Lewa apige ngoma, siku tatu, si saba, watu wana kazi. Ule mti wa kunisimikia koma yangu msiuchonge, nikiutaka nitakuja kuuomba mwenyewe."

Kisha akacheka, akakohoa sana, akasema atamjia Pascalia ndotoni, kwa kuwa ndiye mwepesi wa kuamka.

Basi mchungaji amesikia, na baba mdogo Lewa amesikia, majembe yale pale ukutani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kupika tangu Ijumaa ile, na wenzake wa matangini waliolibeba jeneza kutoka barabarani asubuhi hii.

Lala, baba, usisumbuke. Pascalia anaogopa, hafichi, lakini ukija atakuamkia, atamwambia mama, na mtu mwingine hatamwambia.