Uwanja wa Nyanzala

Basi dogo lilipotoka Kasokola, Sauda, mnunuzi wa ufuta kule Shanwe, aliingiza mkono kwenye gunia la jirani yake, akanusa. "Mzee, huu mmeukung'utia kwenye uwanja wa samadi?"

Mzee Mwandu akatabasamu kwa fahari. "Ameusiliba mke wangu Nyanzala kwa mikono yake, mayu, mama yangu. Samadi mbichi ya ng'ombe wetu, uwanja unang'aa kama sahani! Humo huokoti hata chembe ya mchanga."

"Basi siuchukui. Japani wanapima. Wakikuta vijidudu, mzigo wote unarudishwa, na mwakani nyie hamna mnunuzi. Tandikeni turubai."

"Hao Wajapani wamewahi kufika Kasokola?"

Mimi niliyekaa kiti cha nyuma yao nilitamani kumpigia mzee makofi kwa jibu hilo. Lakini Sauda hakumdharau. Alimfungia gunia lake taratibu, kama anayemfunga mtoto vifungo vya shati.

"Turubai nitanunua," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Ila Nyanzala anasubiri kusikia mmeusifu. Nikamwambie uwanja wake ni mchafu?"

Konda akagonga bati: "Shanwe!" Basi likasimama kituoni kwa Sauda, naye bado amekaa, mkono juu ya gunia la mzee.