Jilala Ndaki na Vali Isiyokwama

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu kama alivyoagiza mwenyewe, bila kuficha kitu.

Marehemu Jilala Ndaki alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 karibu na Kolandoto, mtoto wa tano wa mzee Ndaki, mfugaji, na mama Kudra, akamaliza shule ya msingi mwaka 1990, kisha akajifunza ufundi kwenye gereji mjini Shinyanga. Tarehe 8 Oktoba 2005 alifunga ndoa na Justa, wakajaliwa Loveness na Blessing.

Mwaka 2009 aliajiriwa kuwa fundi wa pampu katika kampuni ya uchorongaji wa miamba huko Nyarugusu, ambako matope ya kuchorongea husukumwa mita mia sita chini ya ardhi kwa presha ya kutisha, na kinachowalinda watu ni vali moja, inayotakiwa kufunguka yenyewe presha ikizidi. Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2017 mwenzake Abel alimwuliza, "Baba Loveness, umeisafisha vali?" naye, akiwa hajaigusa, akajibu, "Iko sawa, washa." Matope yalikuwa yamegandia kwenye springi, vali haikufunguka, bomba likapasuka, na Abel akapoteza jicho la kushoto.

Tangu hapo hakutaka uhai wa mtu utegemee neno la fundi. Kwa miezi ishirini alitengeneza vali uani kwake Ngokolo, Shinyanga, nane zikashindikana, mpaka alipoweka kipande cha mpira kati ya matope na springi, uchafu usiifikie kamwe. Tarehe 21 Februari 2019, siku ya kuijaribu, aliwapeleka wafanyakazi wote nyuma ya lori, akabaki peke yake kwenye geji ya presha, lakini Abel akatoka na kusimama kando yake.

"Rudi wewe, umebakiza jicho moja."

"Ndilo nataka kuonea."

Mshale ukapita alama nyekundu, ardhi ikatetemeka, halafu vali ikafunguka, matope yakaruka juu kuliko mlingoti wa mtambo, na watu wazima wakavua kofia zao kama wako kanisani. Leo vali ya aina hiyo imewekwa hata kwenye mtambo wa kampuni hiyo unaochoronga visima vya kutafuta mafuta.

Septemba 2024 alianza kuugua figo, Loveness akaacha masomo amuuguze, na tarehe 3 Mei 2025, saa nne asubuhi, alifariki hospitalini Kolandoto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ngokolo na wafanyakazi wenzake, na zaidi Abel, ambaye jana aliomba habari ya kosa lile ifutwe, na tulipomweleza kwamba marehemu mwenyewe alikataza, akaomba basi tuongeze jambo moja, kwamba kampuni ilipokuwa imeshaandika kuwa ni ajali tu, na hakuna aliyemshuku, Jilala alikuja wodini alikolazwa Abel, akapiga magoti, akasema, "Sikuisafisha."

Umefanya kazi, Baba. Mungu akulaze palipo na amani.