Kimya cha Shangazi Hanna

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuandaa na kutangaza kipindi cha watoto cha “Shangazi Amekuja”, Bi. Hanna Mbise anastaafu tarehe 30 Juni. Mimi Gadiel, wa chumba cha sauti, nimeombwa kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi, na nimesisitiziwa uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi, ila nina hasira na sioni sababu ya kuificha.

Bi. Hanna alitoka kufundisha chekechea Makumira. Hesabu alizifundisha kwa mayai ya kuku wake mwenyewe. Siku aliyoleta kinyonga studio, mpigapicha wetu Parsimei, anayejisifu kwamba amelala porini na fisi, alitimka akaiacha kamera ikielekea juu. Watoto wakatazama dari huku Shangazi akieleza kwa utulivu kwamba mnyama yule hana sumu. Parsimei mpaka leo anadai alikwenda kuchukua betri.

Ila ufundi wake mkubwa ulikuwa kunyamaza. Kila kipindi kilipoanza aliitazama kamera bila neno, akiwapa watoto nafasi ya kumwamkia. Kuanzia Kijenge hadi Usa River walipaza shikamoo mbele ya televisheni, ndipo naye akaitikia marahaba, taratibu, kama amewasikia wote. Wazazi walituambia watoto wao walijua kuamkia wakubwa kabla ya kujua kuhesabu.

Mwaka jana akaja meneja mpya wa vipindi, akaamuru kimya kile kikatwe. Kimya, alisema, hakiuziki. Basi Bi. Hanna akawa anatokea tu na marahaba yake, kabla mtoto yeyote hajafungua kinywa. Simu zikamiminika. Mzee mmoja wa Poli aliuliza tangu lini huyu mama amekuwa na majivuno ya kuitikia kabla hajaamkiwa. Watoto wakaacha kusalimu, watazamaji wakapungua, na meneja yuleyule akautumia upungufu huo kukifuta kipindi! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Bi. Hanna aliomba jambo moja tu: aagane na watoto hewani. Amekataliwa. Jumamosi hii saa tisa alasiri zinaanza katuni za kununua, na mapokezi wameagizwa kumjibu kila mtoto atakayepiga simu kwamba Shangazi amechoka, ameamua kupumzika. Huo ni uongo mtupu. Juzi tu nimemkuta akishona vikaragosi vipya vya kufundishia irabu.

Bi. Hanna, tunakushukuru kwa kutulelea watoto, wangu wakiwemo. Kahawa yako ya Akeri ikuzalie, magoti yapate nafuu, na ustaafu wako uwe wa heri na amani. Jumamosi nitakaa mapokezi nipokee simu mwenyewe. Nitawaambia watoto kwamba hukuwaacha, wamenyang'anywa.