Hotuba Iliyotufungia Shule

Mheshimiwa Meya wetu, Pandelis Gogos, Baba Padri Grigoris, uliyetubariki kabla mikate haijapoa, walimu wenzangu, wazazi, nanyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu nyote. Wa mwisho kumsalimu, kwa kuwa leo ni siku yake, ni Mwalimu Evanthia Rigopoulou, anayestaafu.

Nimepewa kazi ya kumuaga. Waliochagua msemaji wamekosea, maana mimi Iraklis ni mtu wa hisabati, na kwetu maneno yakizidi, ujue jibu limepotea. Lakini nimefundisha chumba cha jirani na chake tangu tulipokuwa na nywele nyeusi, na ukuta kati yetu ni mwembamba. Kwa hiyo nimezisoma tenzi zote za kale za mashujaa bila kufungua kitabu.

Nilichokisikia ukutani ni hiki: katika tenzi zile watu wanapigana kidogo na kusema sana, na hakuna shujaa mwenye akili anayeanza kwa kutaja anachokitaka. Kwanza humsifu msikilizaji na kumtaja baba yake. Kisha humsimulia habari za mbishi fulani wa zamani, aliyekataa ushauri akajuta. Halafu huja zawadi: farasi, masinia ya shaba, mashamba. Mwishoni humtisha kwa kitu ambacho hata jasiri hukiogopa, nacho ni watu watasema nini. "Ukitaka mtu asimame," Mwalimu Evanthia alikuwa akiwaambia wanafunzi wake, "usimvute mkono. Mfanye aone aibu kukaa."

Kila majira ya baridi aliweka kiti karibu na jiko la kuni. Mwanafunzi mmoja alikaa pale, mikono kifuani, ndiye shujaa aliyenuna na kugoma vita. Wenzake wakaja kumbembeleza kwa zamu. Sheria ilikuwa moja, usinyanyuke mpaka moyo wako unyanyuke. Mwaka mmoja walikosa mtu wa kununa, wakaja kuniazima mimi. Nikakaa na hasira zangu mwenyewe, wala sikuhitaji kuigiza. Akaja kijana mwembamba, mtoto wa Thymios mwoka mikate, akaanza kunikumbusha jinsi marehemu baba yangu alivyokuwa akiwapandisha juu ya punda wake hata watu aliokosana nao. Nilisimama, jamani! Si kusimama tu, niliahirisha na mtihani wa jometri. Mpaka leo sielewi ilikuwaje. Kijana yule, Mheshimiwa Meya, ulikuwa wewe.

Mnaukumbuka mkutano wa Februari? Ulifanyika humu humu. Swali lilikuwa kama shule yetu ya Mavrolithi ifungwe, watoto wahamie ile ya mjini kule bondeni. Tulikuja kukataa. Thanasis mwenye bucha alikuja amekunja mikono ya shati kabisa.

"Mimi nimekuja kusema hapana, sikuja kuhutubiwa," alifoka. "Tupige kura twende zetu!"

"Tulia wewe, mwache mtoto wa Thymios aseme," mkewe akamwambia. "Maneno matupu hayavunji mfupa."

Yalivunja. Pandelis hakugusa bajeti. Alianza na baba zetu, waliobeba mawe ya shule hii migongoni kutoka mtoni. Akaja kwenye kijiji cha ng'ambo ya mlima, kilichong'ang'ania shule yake hadi paa likaanguka na vijana wakahama. Akatandaza zawadi: basi lenye joto, maabara, chakula cha mchana. Kisha akashusha sauti: "Watoto wenu watakuja kuwauliza, mlipenda mawe kuliko sisi?" Kina mama wakatafuta leso. Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Thanasis. Tukapiga makofi hadi viganja vikawasha, nami nikiwemo. Tulipofika nje kwenye theluji ndipo Thanasis akauliza, "Hivi jamani, tumekubali nini?"

Wahenga husema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Ni kweli, na siku ile nyoka tulikuwa sisi, tukatoka wenyewe. Mheshimiwa, sisemi ulidanganya. Basi lipo, maabara ipo. Nasema ulihutubu vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, na najuta kwamba nilikuwepo kusikia.

Je, Mwalimu Evanthia alikuwa wapi? Mtu pekee aliyeijua kila kamba ya mtego ule aliketi safu ya mbele, kimya. Nilimfuata kwenye korido, nimefura.

"Dada Evanthia, kwa nini ulinyamaza? Ungesimama kidogo tu, ungembomoa!"

Alikuwa akifunga kitambaa chake kichwani. "Nilikuwa namsahihisha, Iraklis."

"Unamsahihisha?"

"Nilikuwa nangoja akosee. Alipowataja wazee nikasema moyoni, vizuri. Alipoleta zawadi nikasema, sasa asiharakishe. Hakuharakisha. Alipofika kwenye aibu, mwili ulinisisimka. Nilipokumbuka kuwa ni shule yetu anayoizungumzia, mikono ilikuwa imeshanyanyuka."

Mlangoni Pandelis alikuwa akimsubiri, kofia mkononi. "Mwalimu wangu, umenikasirikia?"

"Ishirini kwa ishirini," akamwambia.

Ulitabasamu, Mheshimiwa, kwa sababu miaka yote uliyosoma hapa hakuwahi kukupa zaidi ya kumi na tisa. Hukumwona alivyolia kwenye ngazi. Mimi nilimwona. Tangu siku ile hadi Juni hii amefundisha sarufi tu. Hotuba za mashujaa hakuzigusa tena.

Mwalimu Evanthia, ningependa kukwambia kwamba kazi yako haikupotea bure, lakini wewe hujawahi kukubali jibu lisilo na hoja. Ulifundisha vizuri, na kufundisha kwako vizuri kumetugharimu shule. Yote mawili ni kweli, na hesabu zangu zote haziwezi kuyapatanisha. Septemba jengo hili litatiwa kufuli. Nasikitika, na sina cha kukufariji.

Naona Meya ameandaa maneno baada yangu. Mheshimiwa, nakuomba: ukija hapa mbele usitusifu, usiwataje baba zetu, usituahidi kitu. Mgeukie mwalimu wako, mwambie pole, ukae.

Nawashukuru kwa kumvumilia mtu wa hisabati. Na tafadhali, safari hii, msipige makofi.