Huu Ni Mkono Wangu: Kumuaga Mama Soketi, Fundi Umeme wa Pikipiki

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Soketi anatundika ovaroli yake ukutani kwa mara ya mwisho. Anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika karakana yetu ya pikipiki za Idara ya Afya. Mimi ni mtunza stoo. Nimemtolea fyuzi na tepu kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo, ndiyo maana nimesukumiwa kalamu. Wenzangu walidai hawajui kuandika, ingawa barua za kuomba ruhusa wanaziandika vizuri sana.

Hakuajiriwa kuwa fundi. Alikuja kufagia. Siku hizo umeme ulikuwa kazi ya mzee mmoja mkali, aliyekata nyaya mbovu na kuzidondosha sakafuni bila kutazama nyuma. Mfagiaji wetu hakuzipeleka jalalani. Alikwenda nazo nyumbani, akazichubua na kuzipanga kwa rangi juu ya meza ya mumewe, ambaye ni fundi cherehani. Mwezi wake wa nane kazini akamuuliza mzee swali moja tu: kwa nini waya wa kijani huungua pale pale kila mara, chini ya tangi? Mzee aliichukua taa yake ya mkononi. Kisha akasema, "Fagio liweke pale. Njoo ushike hii taa." Vyeti vya chuo vilifuata baadaye, akivisomea wakati wa likizo zake.

Jina la Mama Soketi tulimpa sisi. Pikipiki ikizima, fundi wa kawaida hukimbilia betri. Yeye husema, "Tuanze na soketi," yaani pale nyaya zinapochomekana. Na mara nyingi ugonjwa uko hapo: maji yameingia, kutu ya kijani imeota kwenye pini, au pini imerudi nyuma na haigusani na mwenzake. Huisugua kwa mswaki mkuukuu, huibana, hupaka grisi kidogo, mgonjwa anaamka. Wauza betri hawakuwahi kumpenda.

Wengi mnaikumbuka pikipiki ya afisa lishe, iliyopiga honi yenyewe kila alipokata kushoto. Watu barabarani walidhani anawasalimia, nao wakampungia mkono. Honi ilibadilishwa mara tatu. Mama Soketi hakuigusa honi. Alizungusha usukani taratibu huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza umbea, mpaka akaupata waya uliochubuka shingoni mwa usukani na kugusa chuma. Alimaliza kwa dakika saba. Wiki iliyofuata afisa lishe akalalamika kwamba mtaa mzima umemnunia.

Kwao kuna mafundi wawili na vyombo havimjui mwenyewe. Koleo la kuchubulia nyaya hukutwa kwenye droo ya cherehani, na sindano za cherehani hukutwa hapa kazini, kwa kuwa hakuna kitu kinachochomoa pini ndani ya soketi kama sindano. Shemeji, ukisoma haya, ziko kumi na nne kwenye bahasha. Upitie stoo.

Lakini liko jambo ambalo yeye mwenyewe alinikataza kuliruka. "Ukiandika mazuri matupu," aliniambia, "watu watajua umenisingizia."

Ulikuwa mwaka wake wa kumi na tano. Asubuhi ya mvua, pikipiki zimejaa mpaka mlangoni, akaja mkunga wa zahanati moja ya mbali. Waya wa swichi ya kuwashia ulikuwa umekatika. "Mama, nifanyie upesi," mkunga alimwomba. "Nimemwacha mzazi na uchungu." Waya ule ulitaka kulehemiwa, na chuma cha kulehemia kilikuwa mikononi mwa fundi mwingine. Mama Soketi akazisokota ncha mbili, akazungushia tepu, akamwambia, "Kesho uirudishe niifanye sawasawa." Mkunga akaondoka. Zahanati ilikuwa na mkunga mmoja tu, na kesho ile haikupatikana.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, pikipiki ilizima ghafla katikati ya njia panda. Gari dogo la mizigo lililokuwa nyuma halikuwahi kusimama, likamgonga. Mkunga alivunjika mguu sehemu mbili.

Kamati ya idara iliyochunguza ajali iliandika kwamba aliendesha kizembe. Alikuwa anyang'anywe kibali cha kuendesha, na bila pikipiki asingeweza kubaki kwenye zahanati ile. Pikipiki ililetwa kwetu ikasubiri kuwa chuma chakavu. Hakuna aliyetuagiza kuifungua. Mama Soketi aliifungua kwa hiari yake, mimi nikiwa dirishani pa stoo. Nilimwona akitoa tangi, akifuata waya kwa kidole, kisha akiketi juu ya tairi. Tepu ilikuwa imelegea kwa maji, na ncha mbili za shaba zilikuwa zimeachana.

Hapa lazima nijitaje, ingawa sijivunii. Nilimwambia, "Mama, kitupe hicho kipande. Nani atajua?"

Hakunikasirikia. Alisema, "Wewe umejua, na mimi nimejua. Tayari tuko wengi."

Alikikata kipande, akakifunga kwenye karatasi, akaenda nacho mbele ya kamati na kukiweka mezani. "Huu ni mkono wangu," akasema. "Dada yule hana kosa." Lawama zikafutwa kwenye faili la mkunga. Mama Soketi akapewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye umeme kwa miezi sita. Alirudi kwenye fagio, akafagia, na karakana haijawahi kuwa safi kama miezi ile.

Kila Jumamosi alikwenda kumwona mgonjwa. Mara ya kwanza mama mzazi wa mkunga alimfungia mlango. Mara ya pili sauti ilitoka ndani: "Mwache aingie, Mama." Aliketi kando ya kitanda akasema amekuja kuomba radhi, hakuja kujieleza. Mkunga akamjibu, "Kosa tuligawane. Uliniambia nirudi kesho, nami nikaipuuza." Mama Soketi akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Kazi yako kuzalisha. Waya ni kazi yangu." Mkunga mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na ndiye aliyerudi zahanati kwa pikipiki ile ile, tuliyoifufua hapa karakana, mara tu mguu uliporuhusu.

Aliporejeshwa kwenye umeme, Mama Soketi alikuja na sharti lake, na hadi leo ndilo sharti letu sote: kiungo kilehemiwe, kifunikwe kwa kimpira kinachobana kikipata joto, kivutwe kwa nguvu, na aliyekifunga aandike jina. Haraka ya mwendeshaji si sababu. Walimnung'unikia sana, mabosi na waendeshaji. Aliwaambia chai iko pale, wakae wanywe. Kwa miaka kumi na saba hakuna pikipiki ya idara hii iliyomwangusha mtu kwa sababu ya waya. Mafundi wawili, wote wanawake, aliowafundisha kwa uvumilivu ambao mimi sina, ndio wanaoshika meza yake kuanzia Jumatatu.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alisema yoyote ila saa ya ukutani. Tumemnunulia sanduku la safari, maana yeye na mumewe wanapanda treni mwezi ujao kwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza, na sanduku walilonalo limefungwa kwa kamba.

Mama Soketi, tumeishi nawe vizuri. Ulitusahihisha bila kutudharau, na ulipokosea ulitangulia kusema. Ahsante kwa hayo kuliko kwa pikipiki zote. Safari njema, mfike salama wewe na shemeji, mjukuu akupokee kwa kicheko, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na za raha.