Bi. Nelcy Barraza na Koki Iliyoshinda Barua Saba

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, sahani ya mwisho ikishaoshwa, Bi. Nelcy Barraza atavua aproni na kustaafu baada ya miaka thelathini na moja na miezi tisa katika jiko la Shule ya Msingi ya Los Cocuyos. Wasifu huu nimepewa kuuandika mimi, Wilfrido Ospino, karani wa shule, kwa sababu ati najua kuandika. Mtaona hapa chini jinsi kujua kuandika kulivyowahi kuniponza.

Alianza Februari 1994 akiwa msaidizi wa kumenya mihogo. Mwaka wa tatu akawa mpishi mkuu. Tangu hapo watoto wa mitaa ya bandarini wamekula wali wake wa nazi na supu yake ya samaki na ndizi, na baadhi yao leo wanaleta watoto wao wenyewe. Aliwahi kumfukuza diwani jikoni kwa kurudisha kijiko cha kuonjea sufuriani. Amechelewa kazini mara mbili tu: siku aliyojifungua mwanawe wa pili, na siku ya mafuriko, ambapo alifika saa nne akiwa amebeba viatu kichwani.

Lakini huwezi kumtaja Bi. Nelcy bila kuitaja koki ya mwaka 2003.

Hapa kwetu pwani chumvi hula kila kitu: misumari, bawaba, hata baiskeli iliyoegeshwa ndani. Ikaila na koki ya sinki la jikoni. Ilianza kucheza kama jino la mtoto, kisha ikavuja shinani, ikaota ukoko wa kijani, mwishowe ukizungusha mkono wake inazunguka yote. Nikaiandikia ofisi yetu ya wilaya. Niliandika barua saba, kila moja na mhuri na nakala. Ile ya nne, nasema bila aibu, ilikuwa nzuri mno. Hakuna iliyojibiwa.

Jumatatu ya wiki ya kanivali, ile sikukuu yetu ya ngoma na magwaride mitaani, akaja bwana afya. Akaishika koki, kishikio chake kikambakia mkononi. Akatoa amri: Alhamisi asubuhi akute koki imara, la sivyo jiko linafungwa mpaka ofisi ya wilaya ilete fundi. Ofisi ile ile! Watoto mia moja na sitini na watatu walikuwa wakila pale mlo wao wa uhakika, na Bi. Nelcy alikuwa akiwajua kwa majina wale ambao nyumbani kwao jiko haliwashwi kila siku. Akaenda kwa fundi bomba wetu pekee, akamkuta anapigilia mbao za gari la maonyesho. "Baada ya kanivali, mama," fundi akasema. "Wiki hii hata mke wangu hanipati."

Mimi nikajitolea kuandika barua ya nane.

"Wilfrido," akaniambia, "hiyo barua yako itaosha sufuria?"

Jumanne jioni akalala chini ya sinki la nyumbani kwake, akafungua koki yake mwenyewe, ikiwa mpya kabisa, zawadi ya Krismasi kutoka kwa mumewe. Alitaka kujifunza kwa kuitoa, na alitaka koki yenyewe. Mumewe, Eberto, fundi baiskeli, akampa spana na msumeno wa chuma, ila akauliza wao watakuwa wanaoshea wapi vyombo.

"Kwenye ndoo. Kwani wewe ulilelewa ikulu?"

Jumatano, watoto walipokwisha kula, akaanza. Tangu asubuhi alikuwa ameifunga nati ya chini kwa kitambaa cha siki ili kutu ilainike. Akatandika gunia, akalala chali, nami nikamshikia tochi.

"Umefunga maji nje?"

"Leo Jumatano, mama!" nikamjibu, na wote wawili tukacheka.

Hapa kwetu maji hutoka Jumanne na Ijumaa asubuhi tu. Valvu ya nje haifungwi na mtu, ratiba ndiyo valvu yetu. Tulichosahau, na kila mtu mjini hukisahau kila mwaka, ni kwamba wiki ya kanivali maji hufunguliwa siku yoyote ili watu wajaze mapipa kabla ya ngoma.

Nati haikulegea kwa siki wala kwa spana. Akaikata kwa msumeno, nusu saa nzima, unga wa kutu ukimwingia machoni, bila kupumzika na bila kuniruhusu nimpokee. Ikakatika. Akafungua kiungio cha bomba, akaichomoa koki ya zamani, na papo hapo bomba likakohoa. Hakuna mtu wa mji huu asiyeijua sauti ile. Upepo hutangulia, maji yanafuata.

"Wilfrido, valvu!"

Nikatoka mbio. Valvu nayo ilikuwa imeliwa na kutu, ikabaki kuzunguka bure mkononi mwangu. Niliporudi maji yanagonga dari na mchele wa kesho uko hatarini. Bi. Nelcy alikuwa amelowa chapachapa, kiganja juu ya bomba, macho mekundu. Nikamwambia tukimbilie msaada.

"Msaada ni wewe! Shika hiyo koki mpya, iweke tunduni, raba yake ikae chini yake. Haya, ifungue yote!"

"Niifungue?"

"Ifungue, baba! Maji yapite ndani yake!"

Nikaifungua. Akaliunga bomba kwa chini, na maji yaliyokuwa yakipanda darini yakapita ndani ya koki na kuanguka sinkini kwa adabu. Akakaza kiungio, akakaza nati. Mimi nimeikandamiza koki kwa juu kwa mikono miwili, tai yangu imelowa.

"Sasa funga."

Nikafunga. Halikudondoka hata tone.

Alhamisi bwana afya aliitikisa koki kulia na kushoto, akatia saini, akala sahani mbili. Nyumbani kwa akina Barraza vyombo viliendelea kuoshwa kwenye ndoo kwa miezi minne. Hilo Eberto ameniambia mwaka huu tu, na niliona aibu kubwa.

Ijumaa iliyopita koki ile, yake, ilianza kucheza tena. Nikachukua kalamu. Sijui nilikuwa namwandikia nani, ni mazoea tu. Bi. Nelcy akaingia ofisini na kuweka spana juu ya karatasi yangu. "Mimi naondoka," akasema. "Watoto hawaondoki." Kisha akanipeleka jikoni, nikalala chini ya sinki na spana yake, naye akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono, na kwa saa nzima hakunisaidia hata kidogo, isipokuwa kuniuliza mara mbili kama nimefunga maji.

Bi. Nelcy, walimu, wazazi na watoto wote wa Los Cocuyos wanakushukuru, na mimi zaidi yao. Ukale wali uliopikwa na mtu mwingine, ulale mpaka jua lipande, uishi miaka mingi na Eberto wako. Nimepita jikoni asubuhi hii kabla ya kumaliza kuandika. Nimeishika koki, nimeitikisa kulia na kushoto. Haichezi.